Kujenga Garratt ndogo ya mvuke: pivoti kwanza, boila baadaye

Kielelezo cha mwongozo huu kimesimama Nairobi, kwenye Makumbusho ya Reli karibu na stesheni kuu: kichwa cha treni cha mvuke cha aina ya Garratt, namba 5918, Mount Gelai, cha rangi ya damu ya mzee. Ni kimojawapo kati ya vichwa 34 vya daraja la 59 ambavyo kiwanda cha Beyer, Peacock cha Gorton, Manchester, kiliiundia Reli ya Afrika Mashariki mwaka 1955 na 1956. Vilipewa majina ya milima ya huku kwetu, na kazi yao kubwa ilikuwa kupandisha mizigo ya tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi kwenye mwinuko wa asilimia 1.5. Kwenye reli ya upana wa mita moja hakijawahi kuundwa kichwa cha mvuke chenye nguvu zaidi ya hivi.

Kukiunda kwa udogo, kikachemsha maji na kuvuta watu, inawezekana. Ni kazi ya miaka. Wengi wanaoshindwa huanza na boila, kwa sababu boila ndiyo inayovutia macho. Kwenye Garratt boila ni abiria. Anza na viungo.

Kwa nini viungo

Mfikirie mgonjwa kwenye machela na wabebaji wawili. Mbebaji wa mbele akikata kona, wa nyuma bado ananyoosha, na mgonjwa katikati hapindwi. Hivyo ndivyo Herbert William Garratt alivyopanga mashine yake aliyoipatia hataza mwaka 1907: injini mbili kamili, kila moja na fremu, silinda na magurudumu yake, na boila kwenye fremu ya tatu iliyoning'inizwa kati yao kwa pivoti mbili, yaani viungo vinavyoziacha injini zigeuke chini yake. Chini ya boila hakuna gurudumu. Ndiyo maana inaweza kuwa fupi na nene, na tanuri lake likateremka chini likapata hewa ya kutosha.

Aina ya Mallet, kichwa kingine chenye injini mbili, si hivyo. Kule injini ya nyuma imefungwa moja kwa moja kwenye boila, na ya mbele peke yake ndiyo inayogeuka, huku boila ndefu ikilala juu ya zote mbili. Big Boy za kampuni ya reli ya Union Pacific, vichwa 25 vilivyoundwa Marekani kati ya 1941 na 1944, ni za ukoo huo. Namba 4014 ilirudishwa kwenye mvuke mwaka 2019. Mallet ndogo ina pivoti moja ya kukusumbua. Garratt ina mbili, na mvuke wote, wa kwenda na wa kurudi, lazima upite karibu nazo. Pivoti zikikosewa, boila nzuri kuliko zote duniani haitakusaidia kitu.

Kipimo

5918 ina urefu wa futi 104 na inchi 1½, yaani mita 31.7. Uzito wake ni tani 252 za Kiingereza, sawa na kilo 256,000 hivi. Urefu hupungua kwa uwiano wa kipimo, lakini uzito hupungua kwa uwiano huo ukizidishwa wenyewe kwa wenyewe mara tatu, na hapo ndipo hesabu inapowashangaza watu.

Kwenye reli ndogo ya upana wa inchi 3½ kipimo ni 1 kwa 11.25: urefu mita 2.82, uzito kilo 180. Kwenye reli ya inchi 5 ni 1 kwa 7.87: mita 4.03 na kilo 524. Kwenye inchi 7¼ ni 1 kwa 5.43: mita 5.85 na karibu kilo 1,600, ambazo utahitaji winchi na lori kuzihamisha.

Tunapendekeza inchi 5. Inavuta watu kumi na zaidi bila taabu, na inafunguka vipande vitatu ambavyo watu wanne na kreni ndogo ya gereji wanaviweza. Hesabu zote zinazofuata ni za inchi 5.

Kama hujawahi kuunda kichwa cha mvuke cha aina yoyote, usianze na daraja la 59. Tazama Garratt ya kwanza kabisa, K1, iliyoundwa mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania na ambayo baadaye ilirudishwa kwenye mvuke kwenye reli ya Welsh Highland huko Wales. Kila injini yake ina ekseli mbili tu. Utajifunza kila kitu kuhusu pivoti na mabomba kwa nusu ya vyuma. Ila mfumo wake wa kutumia mvuke mara mbili, kwanza injini ya nyuma kisha ya mbele, uache. Kwa udogo mvuke hupoa njiani na injini ya mbele haipati kitu.

Kuipima 5918

Omba ruhusa ofisini kabla ya kutoa futi. Nenda na tepu ya mita 30, tepu fupi, timazi, chaki, daftari la karatasi za miraba, na msaidizi wa kushika upande wa pili. Vipimo ambavyo havipatikani kwa picha, na ambavyo ndivyo utakavyovihitaji kwanza, ni hivi: umbali kati ya vitovu vya pivoti mbili, umbali kutoka kila pivoti hadi ekseli iliyo karibu nayo, kimo cha pivoti juu ya reli, na mahali hasa mabomba ya mvuke yanapotoka kwenye fremu ya boila kuingia kwenye injini. Ining'inize timazi kutoka kila kitovu, weka alama ya chaki chini, kisha pima chini. Ukipima juu, tepu hulala kwenye riveti na unapoteza sentimita bila kujua.

Kwa picha, simama mbali na upige kwa ubavu, usawa wa ekseli. Gurudumu la kuendeshea likiwa jipya lina kipenyo cha inchi 54, yaani milimita 1,372, nalo ni rula yako ndani ya picha. Lakini magurudumu ya kichwa kilichofanya kazi yamelika. Pima lenyewe kwa tepu kwanza, ndipo ulitumie kama rula.

Silinda: usifuate kipimo

Hili ndilo kosa la bei kubwa kuliko yote, kwa sababu hugunduliwa siku ya kwanza ya mvuke, silinda zikiwa zimeshasubiwa na kukerezwa.

5918 ina silinda nne, kipenyo inchi 20½, mwendo wa pistoni inchi 28, na boila ya shinikizo la pauni 225 kwa inchi ya mraba, takriban bar 15.5. Nguvu yake ya kuvuta ni pauni 83,350, sawa na kilo 37,800. Ekseli zake nane za kuendeshea, kila moja ikibeba hadi tani 21, zinakanyaga reli kwa uzito unaozidi nguvu hiyo zaidi ya mara nne. Ndiyo maana haitelezi ovyo.

Sasa ipunguze kwa 7.87. Silinda inakuwa milimita 66 kwa 90, gurudumu milimita 174. Kwa shinikizo la bar 6, nguvu ya kuvuta inatoka hivi: 0.85 × 0.6 × 66 × 66 × 90 ÷ 174, mara mbili kwa sababu injini ni mbili (0.6 ni bar 6 kwa niutoni kwa milimita ya mraba, 0.85 ni sehemu ya shinikizo inayofanya kazi). Jibu ni kama niutoni 2,300, au kilo 234. Uzito juu ya magurudumu ya kuendeshea, nao ukipunguzwa, ni kilo 350 tu. Mara nne imeshuka ikawa mara moja na nusu. Ukifungua regyuleta, vali ya kuruhusu mvuke, hata kidogo, magurudumu yote kumi na sita yanazunguka bure, yanakwangua reli, na tanuri linanyonywa makaa yakapaa kwa dohani.

Sababu ni kwamba eneo la pistoni limepungua kwa kipimo kikizidishwa chenyewe mara mbili, uzito kwa kipimo kikizidishwa mara tatu, na kushusha shinikizo hadi bar 6 hakulipi pengo lote. Basi punguza kipenyo cha silinda. Mwendo wa pistoni uache ulivyo, milimita 90, ili fito za nje zionekane sawa na za 5918. Kwa kipenyo cha milimita 40 nguvu inakuwa kilo 86, na uwiano unarudi mara nne. Milimita 42 inatoa kilo 95 na bado ni salama kwenye reli kavu. Usizidi hapo. Kwa nje, zungushia silinda ganda la bati la kipimo halisi. Hakuna atakayejua, na nafasi iliyobaki kati ya ganda na silinda ijaze sufi ya madini ili kuzuia joto lisitoke.

Fremu na pivoti

Fremu za injini kata kwa bamba la milimita 8 la chuma cheusi. Chuma kinachong'aa, kile cha kuvutwa baridi, kina mkazo ndani yake; ukikikata matundu ya ekseli kinapinda kama ndizi. Toboa mabamba mawili ya kila injini yakiwa yamefungwa pamoja.

Pivoti zote mbili ziwe tufe la chuma la kipenyo cha milimita 50 lililokaa kwenye kikombe cha bronzi. Tufe liko juu ya fremu ya injini, kikombe kimefungwa chini ya fremu ya boila. Acha mwanya wa milimita 0.05, toboa tundu la grisi katikati ya kikombe, na ukereze mifereji miwili inayokatana ili grisi isambae. Juu weka kifuniko cha usalama kinachozuia boila isiruke ikiwa injini imeanguka nje ya reli. Kifuniko kisishike tufe. Mwanya wa milimita 1 unatosha.

Matufe mawili peke yake hayawezi kuzuia boila isilale ubavu, hivyo unahitaji mito ya pembeni. Hapa ndipo watu huharibu. Kwenye injini ya nyuma weka mito miwili ya bronzi, kushoto na kulia, milimita 90 kutoka kitovu, kwenye mstari uleule unaokata pivoti kwa upana. Mwanya wake uwe milimita 0.2. Ikiwa mbele au nyuma ya mstari huo hata kidogo, injini haitaweza kuinamisha pua ikianza kupanda kilima. Kwenye injini ya mbele weka mito ya namna hiyohiyo lakini kwa mwanya wa milimita 2, iwe ya dharura tu. Kwa mpango huu boila inakaa juu ya sehemu tatu kama jiko la mafiga: mto wa kushoto, mto wa kulia, na tufe la mbele. Mafiga matatu hayayumbi hata chini pakiwa na mabonde. Ukikaza mito ya mbele nayo, unapata miguu minne. Reli ikipinda kidogo, mguu mmoja unabaki hewani, na gurudumu la chini yake linapanda reli na kutoka.

Hesabu pembe ya kugeuka. Gawanya umbali wa pivoti kwa kipenyo cha kona, kisha tafuta pembe ambayo saini yake ni jibu hilo. Tuseme pivoti ziko mbali milimita 1,600 na kona ina nusu kipenyo cha mita 10: 1,600 ÷ 20,000 ni 0.08, pembe ni nyuzi 4.6. Ipe pivoti nyuzi 8 kila upande, ili pabaki nafasi ya ziada. Kuinama na kuinuka, nyuzi 3 zinatosha.

Kwenye kona hiyo tumbo la boila linaingia ndani kwa milimita 32 kutoka katikati ya reli. Ikiwa reli yako ni ya juu, ya kukalia miguu ikining'inia, hakikisha hakuna nguzo wala bolti inayolisubiri.

Kabla ya kuendelea, funga injini mbili na fremu ya boila pamoja, bila silinda wala boila. Pakia mifuko ya mchanga kilo 100 katikati. Isukume kwa mkono kuzunguka reli yote, mbele na nyuma, mara kumi. Ikitoka nje ya reli hata mara moja, kosa liko kwenye pivoti, mito au ekseli, na sasa hivi kulirekebisha ni kazi ya jioni moja.

Ekseli nne kwenye kona

Ikiwa ekseli ya kwanza na ya nne za injini moja ziko mbali milimita 560, kona ya mita 10 inataka ekseli mbili za kati zisogee pembeni karibu milimita 3.5. Sehemu ya hizo inapatikana kwenye mwanya wa kawaida kati ya flenji, ule ukingo wa gurudumu unaolishikilia kwenye reli, na reli yenyewe. Iliyobaki ipate kwa njia mbili: kereza flenji za ekseli za kati ziwe nyembamba kwa milimita 1, na ziachie ekseli hizo zicheze milimita 1 kila upande ndani ya beringi zake. Bushi za fito zinazounganisha magurudumu lazima nazo ziruhusu mchezo huo, la sivyo fito zitapinda. Usiondoe flenji kabisa. Kwenye makutano ya reli gurudumu lisilo na flenji linadondoka.

Mabomba ya mvuke

Kila injini inataka bomba la mvuke wa moto, kipenyo cha ndani milimita 12, na bomba la kurudisha mvuke uliotumika hadi chumba cha moshi, milimita 18. Yote manne yanavuka pengo kati ya vitu viwili vinavyogeuka.

Yapitishe karibu na pivoti kadiri unavyoweza. Kiungo kilicho milimita 150 kutoka kitovu kinasogea milimita 12 injini ikigeuka nyuzi 4.6, kilicho milimita 50 kinasogea milimita 4 tu. Kila bomba lipe kiungo cha tufe kwenye ncha moja na kiungo cha kuteleza kwenye ncha nyingine. Tufe linaruhusu kugeuka, mtelezo unaruhusu urefu kubadilika.

Kwenye mtelezo, bomba la bronzi la nje milimita 15, lililosuguliwa mpaka liteleze kama kioo, linaingia kwenye soketi yenye oringi mbili, pete za mpira za kuziba, za unene wa milimita 2.62. Mfereji wa kila oringi uwe na kina cha milimita 2.3 na upana wa milimita 3.6. Oringi iwe ya Viton, mpira unaovumilia joto. Ile nyeusi ya kawaida ya duka la vipuri, ya nitrile, inakuwa ngumu kama kwato na kupasuka baada ya siku chache, kwa sababu mvuke wa bar 6 una joto la nyuzi 165. Viton inavumilia hadi kama 200. Ukiamua kuupasha mvuke zaidi kwa mabomba ndani ya tanuri, hata Viton haitoshi. Tumia pakingi ya grafiti au PTFE.

Shinikizo linausukuma mtelezo ufunguke. Kwenye bomba la milimita 15 kwa bar 6 msukumo ni karibu kilo 11, saa zote. Funga soketi kwa mabano kwenye fremu, usiiache ining'inie kwenye bomba. Na weka pini ya kuzuia bomba lisitoke kabisa. Bomba la mvuke likichomoka, mwenye miguu iliyo karibu nalo ni dereva.

Bomba la kurudi kutoka injini ya nyuma ndilo refu kuliko yote, karibu mita 2. Mvuke unapoa humo na kuwa maji, kisha dohani inatema maji meusi juu ya mavazi ya watu. Livike kamba ya kuzuia joto, na kwenye sehemu yake ya chini kabisa weka bomba dogo la kutolea maji.

Mafuta ya silinda nayo yana hila yake. Ukiweka lubriketa moja kabla bomba la mvuke halijagawanyika, mafuta hufuata njia iliyo rahisi na injini moja inabaki kavu. Weka lubriketa mbili, kila injini yake, inayoendeshwa na ekseli yake. Mafuta yawe ya silinda za mvuke, gredi 460 au 680. Mafuta ya injini ya gari huoshwa na maji ya moto, na pete za pistoni zinalia baada ya nusu saa.

Gia za vali: injini ya nyuma ni kioo cha ya mbele

Injini mbili za Garratt zinatazamana kinyume. Kichwa kikienda mbele, moja kwa kweli inarudi nyuma. Hivyo ukisukuma fimbo ya kubadili mwelekeo, jiwe la kuteleza la gia ya vali ya injini ya mbele, linaloamua mwelekeo, likishuka kwenye kiungo chake, la nyuma lazima lipande. Weka mkono wa kupindua kati ya fimbo ya dereva na injini ya nyuma. Na fimbo inayovuka pengo ivuke juu ya kitovu cha pivoti, maana ikiwa pembeni, kila kona itabadilisha kiasi cha mvuke unaoingia kwenye silinda bila dereva kugusa kitu.

Jaribu kwa hewa ya kompresa, bar 1.5, magurudumu yakiwa hewani. Weka chaki juu ya gurudumu moja la kila injini. Chaki zote mbili zikielekea upande mmoja, vizuri. Zikipishana, umefunga gia zote kwa namna moja, na injini zako zitapigana.

Boila

Hapa hatutakupa unene wa bamba, na tunakusihi usiuchukue kwa mtu yeyote asiye na cheti. Boila ya 5918 ina kipenyo cha futi 7 na inchi 6. Kwa inchi 5 ni milimita 290. Kwa bar 6, bamba moja la mwisho linasukumwa nje kwa nguvu ya karibu tani 4. Mpe kazi hiyo mtengenezaji wa boila ndogo mwenye cheti, na uagize ikiwa na karatasi zake.

Unachoweza kumpa ni maumbo. Eneo la moto la 5918, futi za mraba 72, linakuwa kama sentimita 33 kwa 33. Urefu wa tyubu, mabomba yanayopitisha joto la tanuri ndani ya boila, ufuate kipenyo chake cha ndani: zidisha kipenyo kwa kipenyo, kwa milimita, kisha zidisha kwa namba kati ya 2 na 2.75. Tyubu ya milimita 15 inataka urefu wa milimita 450 hadi 620. Nyembamba zaidi huziba masizi. Pana zaidi hupitisha joto lote hadi dohani.

Ikifika, ijaribu tena mbele yako kwa maji baridi hadi bar 12, mara mbili ya shinikizo la kazi, nusu saa bila sindano ya geji kushuka. Ijaze maji mpaka hewa yote iishe. Usijaribu boila kwa hewa ya kompresa kamwe. Maji yakivuja yanadondoka tu. Hewa iliyobanwa hurusha vyuma.

Vali za usalama ziwe mbili, na njia za kuingiza maji ziwe mbili tofauti: injekta, inayosukuma maji kwa nguvu ya mvuke, na pampu ya mkono. Siku ya kwanza ya moto, washa moto mkali, funga kila kitu, na uangalie vali zikitoa mvuke: geji isipite bar 6.6. Ikipita, vali ni ndogo, ibadilishe kabla ya safari.

Kuwasha na safari ya kwanza

5918 ilichoma mafuta mazito. Kwa udogo, gesi ya mitungi ni rahisi zaidi, na makaa ya mawe yanatoa nguvu zaidi. Kwa makaa, jaza boila hadi robo tatu ya kioo cha maji, weka feni ya umeme juu ya dohani, tandika mkaa wa jikoni uliolowekwa mafuta ya taa usiku kucha, washa, na ukishika vizuri anza kutupia makaa ya mawe vipande vya ukubwa wa jozi. Mkaa peke yake unachemsha lakini hauvuti. Ni mwepesi na hupeperushwa. Usipandishe mvuke wa boila ya ukubwa huu chini ya saa moja, kwani shaba na chuma vinavyopanuka kwa haraka tofauti huvuta viungo vyake.

Fungua mabomba ya kutolea maji ya silinda zote nne kabla ya kugusa regyuleta. Maji hayabaniki, pistoni ikiyakuta inang'oa kifuniko. Nenda mita 20 mbele na 20 nyuma mpaka mvuke mkavu utoke kote, ndipo uyafunge.

Kisha sikiliza. Kila injini inapiga mara nne kwa mzunguko mmoja wa gurudumu, na kwa kuwa hakuna magurudumu yaliyo sawa kabisa, mapigo ya injini mbili hupishana polepole. Yatalingana, yatakuwa sauti moja nzito, kisha yatatengana yawe mapigo manane ya haraka, na yatarudi. Tofauti ya milimita 0.1 tu kwenye kipenyo cha 174 inaleta duru hiyo kila mita 240 hivi. Sauti hiyo ndiyo ya Garratt, na wazee waliokaa kando ya reli ya Voi na Mtito Andei wataitambua wakiwa wamefumba macho. Lakini ikibadilika ghafla ndani ya mita chache, injini moja inateleza.

Mara nyingi ni ya mbele. 5918 ilibeba galoni 8,600 za maji. Kwako ni lita 80, yaani kilo 80, na yanapopungua injini inapoteza uzito wake. Weka risasi kilo 20 kwenye sakafu ya tangi la mbele, na chota maji ya boila kutoka tangi la behewa la dereva kwanza. Injini moja ikianza kuzunguka bure, funga regyuleta karibu yote, usiipunguze kidogo kidogo: inayoteleza inanywa mvuke wa mwenzake, na ukichelewa zote mbili zinapoteza mshiko.

Ikiwa injini ya mbele inatoka nje ya reli kila mara kwenye kona ileile, pima mwanya wa mito yake kabla ya kulaumu reli. Ikiwa dohani inatema maji hata baada ya nusu saa, maji yamezidi kwenye boila au yana uchafu. Yatoe nusu, jaza mapya. Ikiwa mvuke unafuka chini ya kibanda, ni kiungo cha nyuma. Subiri boila ipoe ndipo uguse nati.

Baada ya safari ya kwanza, ikipoa, inua fremu ya boila kwa jeki milimita 60 na utazame matufe mawili. Ukiona pete inayong'aa kuzunguka tufe lote, liache, weka grisi mpya, ufunge. Ukiona doa moja linang'aa upande mmoja na kwingine grisi haijaguswa, fremu inaegemea. Weka washa ya milimita 0.1 chini ya mto wa upande ule, rudisha, zunguka reli mara tano, na uinue tena.